Msemaji wa Nyati

Nani aliyewaambia watu wa Gitega kwamba mnyama wa porini anasubiri? Maana wao wanaamini hivyo kabisa. Kwao nyati ni kama afisa wa ofisini: ukichelewa utamkuta, na ukimkosa utamuulizia kwa katibu wake. Safari ya kwenda kuona wanyama wa hifadhi ya Ruvubu, ambayo mtu mwenye akili timamu angeianza alfajiri, wao wanaianza baada ya sala, baada ya chai, baada ya kumsubiri fulani apige pasi suruali yake ya mifuko mingi, na baada ya mama mmoja kukumbuka kwamba sufuria ya pilau imesahaulika jikoni. Ndipo minibasi inaondoka, jua limeshapanda, na humo ndani watu wazima wanaulizana kwa dhati kama leo watamwona simba. Simba waliisha Ruvubu zamani, lakini hilo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwaambia.

Mwenye safari hizo ni Mama Cibalonza. Ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, anauza vitenge mtaa wa Nyamugari, na sauti yake inafika nyumba ya tatu bila yeye kujisumbua. Huyu mama ana macho. Aliona kwamba tangu Gitega iwe mji mkuu, watu wake wameanza kutafuta mambo ya watu wa mji mkuu. Wengine wakanunua mbwa wa kulala ndani. Wengine wakaanza kukimbia barabarani Jumamosi asubuhi bila kukimbizwa na mtu. Akajiuliza ni kitu gani kingine mtu wa mji mkuu anakosa, akajijibu kwamba anakosa pori la kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, akiwa na kofia.

Safari yake ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Walizunguka hifadhini wakaona ndege mmoja, na hata huyo ndege wapo waliosema ni kuku wa mtu. Njia nzima ya kurudi ilikuwa manung'uniko. Mama mmoja wa mtaa wa Musinzira alisema kama ni kutazama majani angebaki nyumbani atazame ya mbuzi wake. Mama Cibalonza alinyamaza, na yeye akinyamaza ujue anapika jambo. Mtu mwingine hapo angetafuta kiongozi anayewajua wanyama. Yeye alitafuta anayewajua watu.

"Nyama ya pori iko fasi yake, haina shida na mi," alimwambia dereva wake. "Batu ndio wenye wanalalamika. Mi natafuta mutu wa kuongea."

Ndivyo alivyofika kwa Sebastiani.

Sebastiani ni mkulima wa Muyinga. Ana mahindi, maharage, migomba kidogo, na koti moja la heshima ambalo amelivaa kwenye posa nyingi kuliko mabwana harusi wote wa tarafa yake. Alivushwa mpaka wa nchi akiwa amebebwa mgongoni, akakulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi mtu mzima. Kiswahili chake ni kile cha kule, kimenyooka. Akikusalimia asubuhi unadhani taarifa ya habari inaanza. Kambini alipokuwa kijana walimpa kazi ya kutangaza na kipaza sauti siku za mgawo wa chakula. Lakini kuna siku chakula hakikuja. Siku hizo ndizo zilizomfanya awe Sebastiani. Alikuwa anapanda juu ya pipa na kuwaeleza watu maharage yaliyoko njiani: yalivyo makubwa, yalivyo mekundu, yanavyoiva upesi bila kumaliza kuni, na watu walitawanyika wakilamba midomo. Wakubwa wa kambi walimpenda sana, na kwa nini wasimpende?

Aliporudi Burundi alikuta shamba la babake limegawanywa kama keki ya ubatizo, akabaki na kipande. Lakini mdomo alikuwa nao mzima. Sasa, kwetu posa haifungwi bila ng'ombe. Na ng'ombe siku hizi yuko wapi? Watu wamejaa, malisho yameisha, bwana harusi anakaa chumba cha kupanga. Ng'ombe atamfunga kwenye kabati? Kwa hiyo anatolewa ng'ombe wa maneno. Msemaji wa upande wa mume anasimama, anasema tumewaletea ng'ombe, anawaeleza rangi yake, pembe zake, mwendo wake, na jinsi alivyokataa kunywa maji ya njiani kwa sababu ya kiu ya kufika kwa wakwe. Kila mtu pale anajua kwamba ng'ombe ni bahasha iliyo mfukoni mwa shangazi. Lakini hakuna anayetamka bahasha. Msemaji wa upande wa pili anashukuru, anasema ng'ombe tumemwona, ni mzuri. Watu wanapiga makofi, vinywaji vinafunguliwa. Asiyejua mila hii atasema ni uongo. Si uongo, ni adabu.

Katika adabu hiyo Sebastiani hana mpinzani. Mama Cibalonza alimsikia kwenye posa ya binti wa dadake. Siku hiyo alimsifia ng'ombe mpaka wajomba wawili wa Kikongomani, wageni wa mila, walitoka nje na kamba wakamtafute wamfunge. Walizunguka ua mara mbili. Mama Cibalonza alicheka mpaka akalia, kisha akafuta machozi na kuomba namba ya simu ya yule mzee.

Safari ya kwanza aliyoiongoza Sebastiani walifika hifadhini saa ambayo kila mnyama mwenye heshima zake yuko kivulini amelala. Mlinzi wa hifadhi aliyepanda nao, Zakaria, aliwaambia hivyo hivyo. Mama Cibalonza akamgeukia Sebastiani. Sebastiani akakohoa, akavuta koti, akainuka.

"Mkono wa kulia, wageni waheshimiwa," alisema, "pale penye majani marefu, nyati anawatazama. Hatoki, kwa sababu ni mzee wa kundi, na mzee hakurupuki kwa wageni. Tazameni pembe zake zilivyokutana katikati ya paji la uso. Ametikisa sikio moja. Amewasalimu."

Gari zima liligeuka kulia. Pale kulikuwa na majani. Mtu mmoja akapiga makofi, na wote wakafuata, wamoja kabisa, kama walivyozoea kwenye posa. Msemaji amesema yupo. Wewe ni nani useme hayupo, mbele ya watu, na umevaa vizuri? Houssein, fundi cherehani wa Nyamugari aliyekuja na darubini mpya, aliiweka machoni na kutangaza kwamba nyati mwenyewe ni mkubwa kuliko alivyomfikiria. Vifuniko vya darubini vilikuwa bado juu ya vioo vyake.

Yule nyati alirudi nao Gitega na akanenepa huko. Jumatatu alikuwa amesimama barabarani. Katikati ya wiki alikuwa ameikimbiza minibasi. Ijumaa, sokoni, Houssein alikuwa anaonyesha mahali alipoguswa na pumzi yake. Watu walianza kugombania viti. Mama Cibalonza akaongeza safari, na Sebastiani akaongeza wanyama: kuro watatu waliovuka kwa foleni, chui aliyelala juu ya tawi na mkia wake umening'inia, hata familia ya nguruwe mwitu ambayo aliipa majina. Zakaria alijaribu kuwaomba waje alfajiri, mara moja tu, waone tofauti. Walimuuliza alfajiri atapika nani. Akaacha. Siku hizi akipanda gari anaegemeza kichwa dirishani na kufumba macho.

Na Sebastiani mwenyewe? Nitawaambia, ila msimcheke. Hakuwahi kumwona nyati. Wala kiboko. Nyani, ndiyo, nyani wanakula mahindi yake. Lakini wale wakubwa aliowasimamia na kuwasemea Jumamosi nyingi hivyo, hakuwahi kumwona hata mmoja kwa macho yake mawili, kwa sababu na yeye alikuwa anafika saa hiyo hiyo na gari hilo hilo.

Kulikuwa na mtu mmoja tu katika mkoa mzima ambaye hakumpigia makofi, na huyo alikuwa akilala naye kitanda kimoja. Melania, mkewe. Walioana kambini. Siku ya posa, mjomba wa Sebastiani alitoa ng'ombe wa maneno, na kambini hata bahasha haikuwepo. Ilikubaliwa kwamba ng'ombe atafuata watu wakirudi nyumbani. Watu wakarudi. Babake Melania alikaa Muyinga akimsubiri yule ng'ombe kwa upole mkubwa, hakudai, hakununa, na akafa hajanywa maziwa yake. Sebastiani kila mwaka alikuwa na nia na kila mwaka alikuwa na maelezo. Melania hakugomba. Aliacha tu kuamini, kama mtu anavyoacha kutia chumvi chakulani. Akiambiwa mvua itanyesha anatoka kutazama mwenyewe. Akiambiwa mtoto wao Jeska amepiga simu, anamsubiri Jeska apige tena.

Sebastiani alipompa habari ya kazi mpya, kwa mbwembwe zote, Melania alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo sasa unawaposea watu nyati," alisema.

Neno hilo lilimchoma. Alitoka nje, akasimama kati ya migomba yake, na akajua kwamba makofi ya Gitega yote hayamfai kitu. Alitaka Melania amwamini. Si kwa kila jambo, hapana, uzee wenyewe umeshakaribia. Alitaka kwa jambo moja tu, aone kwa macho yake kwamba nyuma ya maneno ya mumewe kuna kitu chenye ngozi na pumzi. Basi. Akaanza kumbembeleza aende naye. Melania alikataa, akakataa, halafu siku moja akasema haya, labda kwa sababu alichoka kukataa.

Sebastiani alikwenda kwa Mama Cibalonza na maombi mawili. La kwanza, kiti cha mkewe. La pili, kwamba safari hii, hii moja, waondoke Gitega giza lingalipo. Mama Cibalonza alikubali yote mawili. La kwanza alilikubali kwa moyo. La pili alilikubali kwa mdomo.

Siku yenyewe mume na mke walikuwa kando ya barabara Muyinga jua halijachomoza. Melania alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, chupa ya chai mkononi, viazi vitamu kwenye kikapu. Malori ya mpakani Kobero yaliwapita yakiwarushia vumbi. Jua lilichomoza. Sebastiani alipiga simu akaambiwa wapo njiani. Jua lilipanda. Alipiga tena akaambiwa wapo njiani kabisa. Njia gani, Mungu anajua, maana nyuma ya hiyo sauti alisikia mtu akiomba kijiko kikubwa. Melania alikula kiazi kimoja, akamkatia na yeye. Sebastiani angependa agombe, kugomba kungekuwa na nafuu.

Minibasi ilipokuja ilikuwa na kundi la wafanyabiashara waliojiita Marafiki wa Asili. Marafiki hao wa asili walikuwa na spika ya muziki kubwa kama meza na marashi yaliyofika kabla yao. Walichelewa, alieleza Mama Cibalonza, kwa sababu haikuwezekana kuondoka bila kila mwanachama kujitambulisha, na baada ya kujitambulisha mwenyekiti alisema ijambo, yaani hotuba yake kidogo, na hotuba ya mtu haikatwi. Houssein alikuwemo tena, na darubini yake. Sasa alikuwa mzoefu, alikaa mbele.

Wakaingia hifadhini jua la utosi. Sebastiani alikuwa ameapa moyoni kwamba leo hatasema mnyama asiyekuwepo. Alisimama kwenye nafasi yake, akashika chuma cha kiti, akatazama majani kwa macho ya kuomba. Majani yalikuwa majani. Gari likaenda, likaenda. Watu wakaanza kutazamana. Mmoja aliuliza kama kiongozi anaumwa. Mwingine alisema labda hajalipwa.

"Papa Sebastiani," aliita Houssein kwa mapenzi yote, "ule nyati wa mukono wa kuume, leo iko wapi?"

Mama Cibalonza alimtupia jicho lile ambalo wateja wasiolipa vitenge wanalijua. Sebastiani alimtazama Melania. Melania alikuwa anatazama dirishani, kwa bidii, kama mtu aliyeitwa shahidi. Kweli alikuwa anatafuta. Aliyaangalia majani yale moja moja, maskini, huenda na yeye alitaka mumewe awe amesema kweli. Na Sebastiani akashindwa. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Mkono wa kulia, wageni waheshimiwa."

Nyati akatokea, na pembe zake, na sikio lake. Makofi yakalia. Melania aliyaacha majani, akamgeukia mumewe na kumtazama mpaka gari lilipokunja kona. Hakuwa na hasira. Sebastiani aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, akaketi, na mwenyekiti wa Marafiki wa Asili akampigapiga begani akisema kazi nzuri, mzee.

Walisimama kwenye ukingo wa juu wa mto, pale Zakaria anaporuhusu watu washuke garini. Chini, Ruvubu ilikuwa inapita kwa utaratibu wake, rangi ya chai ya maziwa. Mikeka ikatandikwa. Pilau ikafunuliwa, mishikaki ikazunguka, soda zikafunguliwa, na spika ikapiga muziki mpaka Zakaria alipokwenda mwenyewe akaichomoa waya. Watu wa Gitega walikula vizuri. Kama kuna mnyama waliyemwona kwa uhakika siku hiyo, ni yule mbuzi wa mishikaki.

Baada ya kula Mama Cibalonza alisimama kusema ijambo. Alikuwa na kofia ya zawadi. Alimwita Sebastiani, akamsimamisha kwenye ukingo mbele ya watu, kisha kwa ajili ya picha akabadilisha mawazo na kuwapanga upya: Sebastiani huku upande wa njia, Marafiki wa Asili mbele yake wakimtazama, mto nyuma yao. Kwa hiyo watu wote waliupa mto mgongo, Melania mwishoni kabisa ameketi kwenye mkeka, na mtu pekee aliyekuwa anayatazama maji ni Sebastiani. Na Sebastiani alikuwa anasifiwa. Mtu anayesifiwa anasimama wima, mikono mbele, anasikiliza mpaka mwisho. Haongei. Hata akiumwa na siafu, haongei. Yeye ndiye aliyewafundisha vijana wengi wa Muyinga sheria hiyo.

Mama Cibalonza alikuwa amefika mahali pa kusema kwamba huyu mzee ni baba wa nyama zote za pori, wakati maji ya katikati yalipofunguka.

Kwanza Sebastiani alidhani ni gogo. Halafu gogo likachezesha masikio. Zikatoka pua mbili, zikapuliza, yakaonekana macho, ukaonekana mgongo, na mgongo haukuwa unaisha. Kiboko. Kiboko mwenyewe, wa Mungu, bila kuitwa na mtu. Alikuwa pale, na watu wote wale walikuwa wamempa kisogo wakimsikiliza Mama Cibalonza.

Sebastiani alitaka kupiga kelele. Lakini apige kelele aseme nini? Aseme yupo? Si ndilo neno alilolisema muda si mrefu juu ya majani matupu, mkewe akamtazama vile? Melania alikuwa anakunja kitambaa cha viazi, kichwa chini. Na hotuba ilikuwa inaendelea, na hotuba haikatwi. Alisubiri nukta. Mama Cibalonza si mtu wa nukta. Kiboko alipuliza tena, akageuza kichwa taratibu kama anayetaka kuondoka.

Sebastiani akaikata hotuba. Aliwapita wageni akiwasukuma na mabega, akamkanyaga mwenyekiti, akamwaga soda ya mtu, akafika kwa Melania, akamshika mabega na kumgeuza kuelekea mtoni bila kutoa neno.

Maji yalikuwa yamefunga. Kulikuwa na duara moja likipanuka, na hata hilo lilikuwa linaondoka na mkondo.

"Papa Sebastiani, lakini mi niko naongea," alisema Mama Cibalonza, na zawadi mkononi.

Sasa watu wote walikuwa wamegeuka. Walitazama maji matupu, wakamtazama msemaji wao anayetetemeka, na wakaelewa kwa namna yao. Houssein aliweka darubini machoni, na vifuniko vyake. Akasema amemwona. Akaanza makofi. Wote wakafuata, wamoja kabisa, wengine wakipiga vigelegele, na mama mmoja akasema huyu wa leo ameelezwa vizuri zaidi maana mzee amemwigiza hadi kutetemeka.

Sebastiani aliyasikia makofi yale na akatamani ardhi immeze. Ukweli wake ulikuwa umepigiwa makofi yale yale ya uongo wake. Aliuona uso wa Melania unaanza kufungika, polepole, kama alivyouona miaka yote.

"Alikuwaje?" Melania aliuliza.

Na maneno yakaja, si ndiyo kazi yake? Yalikuja yote kwa pamoja yakapanga foleni kwenye ulimi: meno yake, mgongo wake unaong'aa, alivyowasalimu wageni kwa sikio la kushoto. Angeweza kumsimulia kiboko yule mpaka jioni. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Masikio. Pua. Alipumua. Nilitaka kukuita nikaogopa hutaniamini. Mengine sijui, Mama Jeska."

Melania alimtazama. Katika ndoa yao yote, kambini na nyumbani, hakuwahi kumsikia mwanamume huyu akikosa la kusema. Akaigeukia Ruvubu. Akakitandika tena kile kitambaa alichokuwa anakikunja, akakaa.

"Tusubiri," alisema.

Kusubiri hakukuwemo katika ratiba. Marafiki wa Asili walitakiwa kupita Karuzi kusalimia mkwe wa mwenyekiti, ambako nako kulikuwa na ijambo. Dereva akapiga honi. Sebastiani alieleza kwamba kiboko hakai chini ya maji siku nzima, kwamba lazima apande kuvuta pumzi, dakika chache tu jamani, atatokea. Walimjibu kwa upole kwamba wameshamwona. Mmoja alimuuliza kama akitokea tena itabidi wapige makofi tena. Wakapanda gari.

Mama Cibalonza alibaki nyuma. Hakuwa mtu mbaya, na kofia ya zawadi bado alikuwa ameishika. Lakini kukatwa hotuba mbele ya wateja ni kitu kigumu kumeza.

"Ingia mu gari, Papa Sebastiani," alisema. "Nikiondoka bila weye, mi natafuta mutu mwingine. Batu ya kuongea haikosekane."

Sebastiani alilitazama gari. Lile gari lilikuwa sabuni, chumvi, mbolea ya msimu ujao, na watu wa kumwita mzee. Alimtazama Melania, ambaye hakumwomba abaki. Alishakaa tu, na chupa yake ya chai, uso kwenye maji. Huyo Melania, ambaye akiambiwa mvua inanyesha anatoka kuhakikisha, alikuwa anasubiri kitu kwa sababu mumewe amesema kipo.

"Nenda salama, Mama," alisema Sebastiani.

Minibasi iliondoka na nyimbo zake. Zakaria, ambaye hawezi kuwaacha watu peke yao ukingoni, alinung'unika kwamba pikipiki yake aliyowafuata nayo haibebi watatu na mafuta yenyewe ni ya kutafuta kwa tochi, kisha akaketi juu ya jiwe. Alimwambia Melania asishuke hata hatua moja. Melania alimpa kiazi. Vumbi la gari lilitulia, na baada ya vumbi ndege wakaanza tena mazungumzo yao yaliyokatizwa na watu tangu adhuhuri.

Kukaa kimya ni kazi nzito kwa mtu asiyeizoea. Sebastiani alikaa, akainuka, akakaa. Alitaka kumweleza Melania jinsi kiboko anavyolala, akajizuia. Alitaka kuomba msamaha wa mambo fulani ya zamani, akaona kwamba hata huo utakuwa maneno. Jua lilianza kulegea. Maji yalipita, yakapita, hayakuleta kitu. Hofu ikamshika kwamba yule mnyama ameshakwenda zake chini kwa chini, na kwamba amepoteza kazi na mke kwa siku moja. Aliinuka akaupa mto kisogo, akatazama ile njia gari lilikopita, maana hakuweza tena kuyatazama yale maji.

"Baba Jeska," alisema Melania, kwa sauti ndogo. "Usiseme kitu."

Nyuma yake Sebastiani alisikia maji yakipumua, mara moja, kisha mara ya pili, kwa kishindo. Zakaria alikuwa ameinuka juu ya jiwe lake. Sebastiani hakugeuka mtoni. Alimgeukia mkewe, akasimama hapo akiutazama uso wake unavyoona.